Mmamba Si Mamba: Jinsi ya Kusoma Bioanuwai na Mageuko Ukiwa Kampala

Ukifika Kampala kusoma biolojia ukitokea Mwanza, Mombasa au Goma, kitakachokuchanganya kwanza si somo, ni majina. Mwenzako wa bwenini, Mganda, atakwambia kwamba yeye ni wa ukoo wa Mmamba na kwa hiyo hali mmamba. Utamwangalia: kwani ni nani anayekula mamba? Yeye hamzungumzii mamba. Mmamba kwa Kiganda ni kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni anayepanda juu kuvuta hewa. Mamba wetu, wao humwita ggoonya. Mkimaliza kucheka, liandike jambo hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, maana umeshaelewa kwa nini wanabiolojia wanahangaika na Kilatini. Protopterus aethiopicus ni yuleyule Kampala, Kisumu na Bukoba, auzwe kwa jina lolote.

Kozi ya utangulizi ya bioanuwai na mageuko ina sifa ya kuwa kozi ya kukariri: orodha ya makundi ya viumbe, tarehe za enzi za miamba, safari ya Darwin, basi. Pale Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, utapata fotokopi za noti za waliokutangulia. Zinunue ukitaka. Ila ujue kwamba karibu kila hoja ya kozi hii ina mfano wake hai umbali wa teksi moja au mbili kutoka kilimani, na mtu aliyeuona mfano hausahau usiku wa kuamkia mtihani. Mhadhiri anayesahihisha karatasi 200 zote zenye ndege wa visiwa vya Galapagos, naye ni binadamu. Akikutana na samaki wa mwalo wa Ggaba ataamka.

Anza na koo

Buganda ina koo zaidi ya 50, na kila ukoo una muziro wake, yaani kiumbe ambacho wanaukoo hujitambulisha nacho na hawakili. Waulize marafiki zako kwa adabu, uandike. Utapata Ngabi (pongo), Nsenene (senene), Ngonge (fisi maji), Mpologoma (simba), Lugave (kakakuona), Nvubu (kiboko), Njovu (tembo), Nnyange (yangeyange), Butiko (uyoga), Mpindi (kunde), na huyo Mmamba wetu. Ukikutana na mtu wa ukoo wa Mutima, yaani moyo, mheshimu lakini mwache nje ya zoezi. Moyo ni kiungo, si spishi.

Sasa wachore viumbe hao 11 kwenye mti mmoja. Uwe mti wa ukoo, usiwe mti wa kufanana. Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, na hapa ndipo Waganda wanapokuwa na faida ya kuzaliwa nayo. Watu wawili wa ukoo wa Nsenene ni ndugu na hawaoani, hata kama mmoja ni mrefu mwembamba na mwingine ni mfupi wa miraba minne. Watu wawili wa koo tofauti wakifanana kama pacha, wanaruhusiwa kufunga ndoa Jumamosi hii. Udugu ni wa babu, sura ni jambo jingine. Kozi nzima ya uainishaji inakaa ndani ya desturi hiyo.

Kamongo utamweka wapi? Mkono utataka kumweka na sangara na sato, maana wote wanalala kwenye meza moja sokoni. Mkataze mkono. Kamongo na pongo wana babu wa karibu zaidi kuliko kamongo na sangara. Wengi huandika kwamba sababu ni mapafu, na mimi niliandika hivyo nilipokuwa mwaka wa kwanza nikapata nusu alama tu, tena ya huruma. Mapafu hayatoshi. Babu wa samaki wote wa mifupa alikuwa na mapafu ya namna fulani. Kamongo aliyabakiza, sangara akayageuza kuwa kibofu cha kumwezesha kuelea. Kitu cha kale ambacho kila mtu alirithi hakiwezi kukwambia nani yuko karibu na nani, kama vile kuwa na pua hakuthibitishi kwamba wewe ni wa ukoo wa Ngabi. Tafuta kitu kipya kilichoanza kwenye tawi lao peke yao: pezi lililoungwa begani kwa mfupa mmoja, kama mkono wako ulivyoungwa, kisha DNA ikakubaliana nalo. Neno "samaki" basi ni jina la sokoni. Katika mti wa ukoo halina tawi lake.

Endelea. Uyoga wa Butiko uko karibu na wewe kuliko na kunde za Mpindi: haujitengenezei chakula kwa jua, na kuta za seli zake zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilicho kwenye gamba la senene. Kakakuona ana magamba lakini si ya samaki wala ya nyoka. Ni ya keratini, kama kucha, na jamaa zake wa karibu walio hai ni kina simba na chui. Fisi maji si fisi hata kidogo, ni wa jamii ya nyegere. Kisha waweke kiboko na tembo, wakubwa wawili wenye ngozi nene, utakaotamani kuwafanya ndugu. Jamaa wa karibu wa kiboko ni nyangumi. Wa tembo ni nguva, pamoja na pimbi yule mdogo wa kwenye majabali. Koo mbili tofauti, kila moja imepeleka watu wake baharini kwa wakati wake na njia yake. Ukiweza kueleza hilo kwa dakika tatu bila kuangalia daftari, sura ya uainishaji umeimaliza.

Kisha inua macho

Kaloli, yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni anayesimama juu ya majalala ya Kampala kama askari aliyesahauliwa lindoni, ni korongo wa kweli: Leptoptilos crumenifer. Derek Pomeroy wa Makerere aliwachunguza kwa miaka mingi, na hilo pekee likufundishe kwamba utafiti hauhitaji kuanzia msituni. Mwingine wa Makerere, Festo Mutere, alichunguza popo wa matunda waliokuwa wakining'inia katikati ya jiji, na mwaka 1965 akaonyesha kwamba mimba ya popo hao hukaa bila kujipachika kwenye mji wa uzazi kwa miezi kadhaa, ili watoto wazaliwe kwa kufuata mvua. Watu walipita chini yao kila siku wakijikinga na mavi.

Baadaye panga safari ya Mabamba, kinamasi kilicho magharibi mwa Entebbe, ukamwone ndege mwenye mdomo kama kiatu. Vitabu vya Kiswahili humwita korongo nyangumi, jina linalodanganya mara mbili: si nyangumi, na si korongo. DNA inamweka karibu na wari. Linganisha miguu, shingo na namna ya kusimama kwake na kaloli wa jalalani, uone jinsi viumbe wa koo mbili wanavyoweza kuvaa kanzu moja.

Tatizo la neno "kugeuka"

Hapa nina ugomvi mdogo na lugha yetu. Tukisema "mageuko", msikilizaji anasikia "kugeuka", na anayegeuka ni mtu mmoja: jana alikuwa hivi, leo yuko vile. Mageuko ya viumbe hayaendi hivyo. Hakuna twiga aliyenyoosha shingo akageuka. Kinachobadilika ni jamii ya viumbe, kizazi kwa kizazi, kwa sababu baadhi waliacha watoto wengi kuliko wengine na watoto wakarithi walichorithi. Kila unapoandika "kilijibadilisha ili", simama, futa, anza sentensi upya kwa "wale waliokuwa na". Ni zoezi la kalamu tu, lakini litakuokoa.

Neno jingine la kuchunga ni "nyani". Atakayekuuliza kwenye teksi kama kweli mnafundishwa kwamba mtu alitokana na nyani, mjibu hapana. Nyani yuko hai, anaiba mahindi. Hakuwa babu wa mtu. Wewe na sokwe mna babu mmoja aliyekwisha kufa zamani. Nyani, kima na tumbili ni jamaa wa mbali kidogo zaidi. Kiswahili kina majina tofauti kwa wote hao, basi yatumie. Na kama mazungumzo yatafika kwenye imani, ujue mtihani haukuulizi unaamini nini Jumapili au Ijumaa. Unakuuliza ushahidi ni upi na unaonyesha nini.

Ukitaka kuelewa tofauti ndani ya spishi moja, nenda soko la Kalerwe asubuhi, magari ya matooke yanaposhusha. Mwombe muuzaji akutajie majina: nakitembe, musakala, nakabululu, nfuuka, na mbidde za pombe. Haya si majina ya mzaha. Watafiti wa ndizi wanazigawa ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki katika makundi matano yenye majina hayohayo. Sasa mshangao: matooke haina mbegu. Ina seti tatu za kromosomu, jumla 33, na haizai kwa njia ya kawaida. Mkulima hupanda chipukizi. Ndizi zenyewe chimbuko lake ni Asia, na uchunguzi wa jeni unaonyesha kwamba matooke zote ni karibu mmea mmoja ulionakiliwa. Wingi wote wa maumbo unaouona sokoni umetokana na mabadiliko madogo ya jeni yaliyotokea kwenye chipukizi fulani, mama fulani akaliona, akalipenda, akalipanda. Uteuzi huo umefanywa na binadamu, bila baba wala mama kuchanganya damu. Na gharama yake imeonekana: mnyauko bakteria wa migomba uliporipotiwa Uganda mwaka 2001, haukukuta aina ya matooke yenye kinga ya kutosha. Hoja ya kwa nini viumbe wengi huhangaika na ndoa imo mle Kalerwe, kwenye mkungu.

Ziwa

Tenga muda mrefu zaidi kwa sehemu hii kuliko noti zako zinavyoipa. Huna haja ya Galapagos. Una Nalubaale, ziwa ambalo ramani huliita Victoria.

Nenda mwaloni Ggaba mapema. Uliza nkejje, samaki wadogo ambao Mwanza huitwa furu. Ni walewale wanaokaushwa kwenye vijiti, ambao akina bibi wa Buganda humpa mtoto mwenye surua. Nunua 20 wa mchanganyiko, uwapange mezani kwa midomo yao. Mwingine mdomo unaelekea chini kwa ajili ya kukwangua mwani, mwingine una taya refu la kukamata watoto wa samaki, mwingine kichwa kimejaa. Mpasue huyo wa mwisho kooni, taratibu: utakuta taya la pili lenye meno butu ya kuvunjia konokono. Taya hilo la pili linasaga na kuliachia la mbele kazi ya kukamata tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya jamii hii kuweza kugawana kazi za ziwa kwa wingi namna hii.

Spishi zao katika ziwa hili zinakadiriwa kuwa zaidi ya 500. Lakini matope yaliyochimbuliwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba lilikauka, na likajaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita. Kwa hesabu ya mageuko hiyo ni jana jioni. Ilikuwaje haraka hivyo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mababu wa furu walitokana na kuchanganyika kwa koo mbili za zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Mchanganyiko huo ulileta ghala la jeni tofauti tofauti, na ziwa lilipojaa, uteuzi haukusubiri mabadiliko mapya, ulichagua ghalani. Kumbuka hilo mtu akikwambia kwamba mageuko lazima yasubiri bahati ya jeni mpya.

Kwa ushahidi wa jinsi spishi mbili zinavyotengana, chukua mfano ambao Mswahili hawezi kuusahau: Pundamilia. Ndiyo, ni jina rasmi la jenasi ya furu wa huko Mwanza. Yuko Pundamilia pundamilia, dume lake la samawati, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, dume lake jekundu. Wa samawati hukaa karibu na uso wa maji, mwekundu chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa wekundu wekundu. Macho ya kila mmoja yamenolewa kwa mwanga wa kwake, na majike huchagua dume wanayemwona vizuri. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba pale maji yanapochafuka, rangi hazionekani, uchaguzi unavurugika na tofauti za spishi zinafifia. Kwa hiyo taka na udongo unaotiririka kutoka mijini unaweza kufuta spishi bila kuua samaki hata mmoja. Liandike hilo kwa wino mzito, kwa sababu ndilo linalounganisha nusu mbili za kozi, ya bioanuwai na ya mageuko, ambazo noti nyingi huzifundisha kana kwamba hazijuani.

Sangara ndiye aliyeua kwa meno. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akatulia, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na furu wakapungua vibaya. Spishi nyingi hazijaonekana tena. Baadhi zilirudi tangu miaka ya 1990. Usimwandike kama shetani, hata hivyo. Viwanda vya minofu vimelisha nyumba nyingi za ufukweni, na swali zuri la mtihani litataka uone pande zote mbili.

Ukipata nauli ya Masaka, ongeza Nabugabo. Ni ziwa dogo lililotengwa na Nalubaale kwa ukuta wa mchanga miaka 4,000 hivi iliyopita. Humphry Greenwood, aliyewahi kufanya kazi Jinja na kuzipa majina spishi nyingi za furu, aliandika mwaka 1965 kuhusu furu wa Nabugabo, watano kati yao wakiwa hawajulikani kwingine. Simama juu ya mchanga ule, ziwa moja upande huu na jingine upande ule. Mchoro wa kitabuni wa utengano wa kijiografia utauona chini ya viatu vyako.

Hesabu moja ya kufanya kwa mkono wako

Usiogope hesabu za jeni. Anza na hii. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kupima damu ya watoto 290 wa Kiganda wa maeneo ya Kampala. Watoto 43 walikuwa na jeni ya selimundu waliyoirithi kwa mzazi mmoja. Kati yao 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Watoto 247 hawakuwa nayo. Kati yao 113 walikuwa na vimelea. Asilimia 28 kwa 46.

Sasa kaa chini na kalamu. Kama selimundu haingekuwa na uhusiano na malaria, ungetarajia wangapi kati ya wale 43 wawe na vimelea? Jumla ya wenye vimelea ni 125 kati ya 290, kwa hiyo 43 mara 125 gawa kwa 290: kama 18 na nusu. Walionekana 12. Fanya hivyo kwa visanduku vyote vinne, upige kai mraba, utapata karibu 4.75, ambayo inapita 3.84 ya kiwango cha asilimia 5. Inapita, lakini kidogo. Ndiyo maana Allison hakuishia hapo. Kisha eleza kwa maneno yako kwa nini jeni inayoua mtoto akiirithi kwa wazazi wote wawili haijatoweka katika nchi ya mbu. Wazazi wanaowapeleka watoto kliniki ya selimundu pale Mulago wanaishi ndani ya jibu hilo, kwa hiyo liandike kwa heshima.

Upande wa pili wa vita hiyo, kimelea naye anateuliwa. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi wa vimelea vya kaskazini mwa Uganda vyenye mabadiliko ya jeni yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa za artemisinini. Kila dozi iliyoachwa katikati ni kura kwa vimelea hivyo.

Mengine kwa ufupi

Jumba la makumbusho la Uganda, pale Kamwokya, lipitie kabla ya mada ya visukuku, ukiwa umeshasoma kuhusu Moroto na Napak, Karamoja, ambako mabaki ya jamii ya sokwe wa kale ya miaka milioni 20 hivi yamepatikana, pamoja na fuvu lililochimbuliwa Napak mwaka 2011. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ni nzuri kwa kujifunza familia za miti, ila miti mingi ni wageni, usije ukaiita msitu wa asili. Kwa msitu wenyewe nenda Mabira, barabara ya Jinja, na uulize wenyeji kuhusu maandamano ya 2007 yaliyozuia sehemu yake isipewe mashamba ya miwa. Njiani kwenda Entebbe kuna msitu mdogo wa Zika. Virusi vyenye jina hilo vilitambuliwa hapo mwaka 1947.

Na jina la jiji lenyewe: kilima cha swala pala. Hao pala hawapo kilimani tena. Wa karibu wa kwenda kuwatazama mwituni wako Mburo, njia ya Mbarara. Spishi ipo, jamii ya hapa imekwisha. Tofauti hiyo huulizwa mara kwa mara.

Daftari lako liwe na mistari, si kurasa tupu. Andika tarehe, mahali, saa, hali ya hewa, idadi. Usiandike "wengi". Kalamu ya risasi haifutwi na mvua.

Msimu wa senene ukifika, Novemba au Desemba, toka usiku ukatafute mitego yao: taa kali, mabati yaliyosimamishwa, mapipa chini. Omba ruhusa, nunua kikombe kimoja walio hai. Wote ni spishi moja, Ruspolia differens, lakini utaona wa kijani, wa hudhurungi, na wachache wenye zambarau. Watenge kwa rangi, dume na jike mbali, uhesabu, uandike. Kikombe cha pili kinunue kwa muuzaji mwingine wa mtaa wa mbali, uhesabu tena. Mwenzako wa chumbani, kama ni wa ukoo wa Nsenene, atakusaidia kuhesabu bila kukupunguzia data. Wewe nawe usiwakaange kabla hujamaliza.